Kabla ya kununua feni ingine, chomoa koneta uitazame

Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu msimu wa kaskazi uliopita, na najua si langu peke yangu manake kila nikisimama stendi hapa Malindi namsikia dereva mwingine analia kilio hicho hicho, gari inachemka, feni imeungua, fundi ameniambia ninunue ingine. Mimi ni dereva, nina gari ya watu saba, nabeba abiria Malindi Mombasa na kurudi, siku zingine napeleka watu wa harusi Mambrui au nateremsha wageni Watamu. Hiyo gari ndo shamba langu. Ninachotaka kusema ni kwamba gari nyingi nilizoziona hapa pwani zikichemka kwenye foleni ubaya wake haukuwa feni wala injini, ulikuwa koneta ya feni, wengine wanaita soketi, ile ya plastiki inayounga waya wa gari na waya wa feni. Kitu cha kushika kwa vidole viwili. Na watu tunapoteza maelfu kwa sababu hakuna anayeichomoa akaitazama.

Yangu mimi ilianza hivi. Mwezi wa tatu nilikuwa nampeleka halati yangu, dadake mama, Mombasa, alikuwa na miadi ya macho saa tatu asubuhi, na nyuma nina abiria wengine wanne. Tukatoka Malindi alfajiri, Gede, Matsangoni, Kilifi, tukavuka daraja, gari nzuri kabisa, sindano ya tempricha imelala pale inapolala siku zote. Vipingo sawa, Kikambala sawa. Tulipoingia Mtwapa foleni ikatubana, na baada ya dakika kama kumi hivi AC ikaanza kuleta hewa ya uvuguvugu.

"Mwanangu, hiyo baridi mbona imekata?" halati akaniuliza.

"Subiri kidogo halati, foleni ikisonga itarudi."

Haikurudi. Kikaja kiharufu cha plastiki inayoungua, nikadhani ni lori la mbele yangu, kisha nikaangalia dashibodi sindano imeshapanda inakaribia nyekundu. Nikatoa gari barabarani, nikazima, nikafungua boneti, mvuke. Tulikaa pale karibu saa nzima manake kifuniko cha rediata huwezi kukifungua kikiwa na moto, maji yaliyo ndani yamebanwa, kifuniko kilichoandikwa 1.1, hicho ni kipimo cha presha, kinayazuia yasichemke mpaka yafike karibu digrii 120, ukifungua tu yanakurukia usoni. Abiria wanne wakashuka wakapanda matatu, nikawarudishia nauli. Halati alikaa kwenye kiti cha mbele na mtandio wake anajipepea, hakusema neno, na miadi yake ikapita. Akapangiwa siku nyingine baada ya wiki sita. Hilo ndo lililoniuma kuliko pesa yote niliyotumia baadaye.

Sasa mtu atauliza kwa nini Malindi mpaka Mtwapa hakukuwa na shida. Gari ikikimbia kilomita 80 kwa saa upepo wenyewe unaingia kwenye rediata, feni haina kazi kubwa. Gari ikisimama upepo hakuna, hapo ndo feni inabeba kila kitu, ya rediata na ya AC. Kwa hiyo gari inayokwenda safi barabara kuu na kuchemka kwenye foleni tu, cha kwanza kushuku ni upande wa feni, na hilo makanika wote wanalijua. Tatizo ni kwamba wakishasema feni wanasimama hapo hapo.

Nikaenda gereji, sitaitaja. Kijana akawasha AC akaangalia feni, inazunguka, akasema hii imechoka inazunguka pole pole nunua ingine. Nikanunua ya mtumba iliyotoka Japani, shilingi 7,500, ikafungwa, kweli ikapuliza vizuri. Wiki mbili. Baada ya wiki mbili ikawa pole pole kama ile ya kwanza. Nikarudi, wakasema basi ni thamostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rediata mpaka injini ipate moto, wakaitoa wakaitupa, wakaniambia huku kwetu kuna joto gari haihitaji thamostati. Hili nalo naomba niliseme hapa hapa kabla sijaendelea, kutoa thamostati si dawa, injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake, thamostati nyingi zinafungua kama digrii 82 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe uko pale pale umefichwa tu. Mara ya tatu wakaniambia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Tufungue injini. Wakanipigia hesabu ya elfu 38. Nikawaambia wacha nifikirie, nikaenda zangu.

Aliyeniokoa si fundi wa magari hata kidogo. Ni mzee mmoja mtu wa Lamu anayetengeneza mashine za boti huku kwetu ufuoni, nilikuwa nimempelekea mzigo wake, akaona nimefungua boneti namimina maji, akaniuliza, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, kwenye boti ukiona mota imelegea usianze na mota, anza na maungio. Umeichomoa ile soketi ukaiangalia ndani?" Nikamwambia hapana mzee wangu, sikuwahi. Akaniambia wekea kipande cha gazeti pale mbele ya rediata kwenye kimiani, uwashe AC. Gazeti likashika kidogo likaanguka. "Feni inazunguka lakini haivuti," akasema, "ikivuta sawasawa karatasi inaganda hapo."

Akazima gari, akachomoa waya wa betri kwanza, manake feni za gari nyingi zinaweza kuwaka zenyewe injini ikiwa na moto hata kama ufunguo umeutoa, na mtu anaweza kupoteza kidole. Kisha akaanza kuichomoa koneta. Haikutaka kutoka. Ilikuwa imeshikana, plastiki imeyeyuka ikajibana. Ilipotoka nikaishika mkononi na mpaka leo naweza kuichora. Rangi yake ya asili ilikuwa nyeupe, upande mmoja imebaki nyeupe, upande wa pili imekuwa kahawia kama mkate uliozidi moto, na tundu moja limevimba limepinda. Kile kibati cha dume, yaani upande unaochomekwa, kimeingia rangi ya samawati na zambarau kama chuma kilichopitishwa motoni. Ndani ya jike, yaani upande unaopokea, kuna unga wa kijani. Na waya wenyewe, ile nyama yake ya shaba, sentimita mbili tatu kutoka kwenye koneta imekuwa nyeusi, ngozi yake ya mpira imekakamaa, ukiikunja inapasuka.

Mzee akasema feni yako ya kwanza pengine ilikuwa nzima kabisa. Kwa nini ya pili ilipuliza wiki mbili? Kwa sababu ilikuja na dume lake safi, lakini wakalichomeka kwenye jike lile lile lililoungua. Safi likakutana na bovu, likashika kwa siku chache, kisha bovu likalichoma na safi. Hapa ndo naomba kila anayesoma ashike, ukibadilisha feni bila kubadilisha jike la upande wa gari hujatengeneza kitu, umenunua muda wa wiki mbili.

Akairudisha koneta akawasha gari, akatoa mita yake, na nyingine ile ya kukumbatia waya inayosoma ampea, akaniita niangalie mwenyewe. Betri ilikuwa volti 13.9. Feni inakula ampea 17. Akaweka ncha moja ya mita kabla ya koneta na ya pili baada ya koneta, waya ule ule mmoja, akasema hapa kama koneta ni nzima nataka nione chini ya 0.1, ikawa volti 1.7. Upande wa athi, yaani waya mweusi unaofungwa kwenye bodi, ikawa 0.6. Kwa hiyo feni iliyotakiwa kupata karibu 13.7 ilikuwa inapata 11.4. Ndo maana inazunguka kivivu.

Na zile volti zilizopotea hazipotei bure, zinageuka moto. Ukizidisha 1.7 kwa 17 unapata wati karibu 29. Chuma cha kulehemu risasi cha fundi wa redio kina wati 30 au 40. Yaani mimi nilikuwa natembea na chuma cha kulehemu kimewashwa ndani ya kiplastiki, kila nikiingia foleni, na nyuma nimebeba watoto wa watu.

Kinachofanya koneta ifike hapo mzee alinieleza taratibu sana na tangu siku hiyo nimekuwa naangalia mwenyewe kwenye gari za wenzangu. Kwanza feni inakula umeme mwingi, moja ya gari ndogo inaweza kula ampea 10 mpaka 20, za gari kubwa hufika 30 na zaidi, na pale inapoanza kuzunguka kwa nukta moja hivi inavuta mara mbili tatu ya hiyo. Ndani ya jike kuna ulimi wa chuma unaolikamata dume kwa nguvu ya springi. Ukilegea kidogo, umeme unapita mahali padogo, panapata moto, moto unaua nguvu ya springi, ulimi unalegea zaidi, kutu inaingia, moto unazidi. Haurudi nyuma huo ugonjwa, unaenda mbele tu.

Halafu sisi tuna chumvi. Mtu wa Nairobi gari yake inaweza kukaa miaka mingi hajui habari hizi, sisi hapa ukiweka mabati mapya juu ya nyumba iliyoko ufuoni unajua mwenyewe yanadumu muda gani. Kaskazi inavuma, kusi inavuma, zote zinatoka baharini na zote zina chumvi, na ukiwa unapita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndo zaidi. Chumvi ikikutana na shaba na unyevu ndo ule unga wa kijani. Mengi ya magari yetu yanatoka Japani yakiwa na umri usiozidi miaka 8, ndo sheria yetu, lakini yakishafika yanaishi hapa miaka 10, 15 mingine, na koneta ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mpira wa kuzuia maji umeshakauka au haukuwepo tangu mwanzo. Na kuna kuosha injini, mashine ya presha inaelekezwa moja kwa moja kwenye rediata, na kuna wanaoosha kwa maji ya kisima yenye munyu. Naomba tuache hilo, ukitaka kuosha injini futa kwa kitambaa.

Kisha mzee akaiangalia feni ya pili, ile ya AC. Hapo ndo nilipotetemeka. Kumbe ile gereji walishawahi kuiona koneta yake imeungua, wakaikata wakaitupa, wakasokota waya na waya kwa mkono wakazungushia tepu nyeusi, hawakuniambia. Tepu imeshayeyuka gundi inachuruzika. Na kwenye kiboksi cha fyuzi, pale penye fyuzi ya ampea 30, hakukuwa na fyuzi, walikuwa wameweka kipande cha waya wa shaba. Mhariri, fyuzi haipo kwa ajili ya kulinda feni, ipo kulinda waya usiwake moto. Ule msokoto ukigusa bodi ya gari kwa bahati mbaya, hakuna kitu cha kukata umeme, waya mzima mpaka kwenye betri unageuka nyekundu, na petroli iko hapo hapo. Nilikuwa nimewabeba watu na hiyo gari siku ngapi sijui. Silali nikiwaza hilo.

Sasa tulichofanya. Kwanza mzee alizungusha feni zote mbili kwa mkono, betri ikiwa imechomolewa, asikie kama zimekaza, manake mota iliyokaza au bushi zilizokwisha inakula umeme kupita kiasi na hata ukiweka koneta ya dhahabu itaungua. Zangu zilizunguka nyepesi. Ndo akakubali kuendelea. Nimeona niandike hilo kwa sababu kuna mtu atasoma barua hii akimbilie koneta na kumbe mota yake ndo mgonjwa.

Koneta mpya hatukuweka kama ile ya zamani. Alisema ile ilikuwa inabeba mzigo wake kwa shida tangu ilipotoka kiwandani, tuweke inayobeba zaidi. Kila koneta ya maana ina kiwango chake cha ampea, kiulize, na kama muuzaji hakijui usinunue kwa kuangalia ukubwa wa plastiki. Kwa mfano hizi za Metri-Pack za Marekani, namba ni upana wa kibati, 280 ni milimita 2.8 inabeba mpaka ampea 30, 480 inabeba ampea 42, na 630 ampea 46, na zipo zinazokuja na mipira yake ya kuzuia maji. Zile za Deutsch zinazofungwa kwenye malori na matrekta pia ni nzuri ila lazima uchukue za DTP ambazo teminali yake, yaani kile kibati cha ndani kinachofungwa waya, inabeba ampea 25, zile ndogo za DT ni 13 tu, kwa feni hazifai japo kwa macho zinafanana. Na hicho kiwango ni pale teminali imefungwa waya mnene unaotakiwa, waya mwembamba ndani ya teminali kubwa haushiki. Sisi tulipata za 630 Mombasa, pamoja na waya wa milimita 4 za mraba, vyote vikaja 1,850. Elfu moja mia nane na hamsini dhidi ya elfu 38 za kufungua injini ambayo haikuwa na kosa.

Lakini koneta nzuri ikifungwa vibaya ni kazi bure, na hapa ndo nataka mafundi wetu vijana wanisikilize, siwadharau, wengi wao ni wadogo zangu na wanajitafutia halali. Teminali haibanwi kwa plaisi. Plaisi inaipapasa tu, ikawa bapa, ndani kuna nafasi na hewa yetu ya chumvi inaingia. Kuna koleo yake maalum. Teminali ina mabawa mawili jozi mbili, jozi ya mbele inakumbatia shaba tupu, jozi ya nyuma inakumbatia ngozi ya waya pamoja na kampira, ili waya ukitikisika usikatikie pale shaba inapoanza. Nilimtazama mzee akifanya. Akachuna waya milimita kama 6 tu, akahesabu kwamba hakukata hata uzi mmoja wa shaba, akaingiza, akabana mbele, akabana nyuma, kisha akauvuta waya kwa nguvu zake zote kama anayemvuta samaki. Haukutoka. Ndo akaingiza teminali kwenye koneta mpaka ikalia tiki, akaivuta tena.

Nilimuuliza mbona hatulehemu kwa risasi, redio zinalehemiwa. Akasema risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya, pale inapoishia waya unakuwa mgumu kama kijiti, na gari inatikisika kutwa kwenye hizi barabara, unakatika pale pale. Na risasi ya kawaida inaanza kuyeyuka kwenye digrii 183, kwenye ungio lililopata moto inaweza kulainika. Kubana vizuri kunatosha.

Pale tulipounga waya mpya na wa zamani, baada ya kukata mpaka tukafika kwenye shaba inayong'aa, tulivisha ule mpira unaonywea ukipigwa moto, lakini wa aina yenye gundi ndani, ukinywea gundi inatoka pembeni kidogo ukajua pameziba. Tepu nyeusi peke yake kwa joto la kwenye boneti haikai. Ndani ya koneta akapaka grisi ya silikoni kidogo, ile nyeupe ya vitu vya umeme, si ile ya bearingi, ya bearingi inaharibu mpira. Athi nayo ikafunguliwa, pale kwenye bodi chini ya nati palikuwa na kutu, akakwangua mpaka chuma kikaonekana, akafunga, akapaka grisi juu. Watu wengi wanasahau athi, lakini umeme ulioingia kwenye feni lazima urudi, ampea zile zile, ukibana njia ya kurudi ni sawa na kubana ya kuja.

Na fyuzi ikarudi mahali pake, ya 30 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Mtu asije akasema kwa sababu nimeweka koneta kubwa basi niongeze fyuzi iwe 40 au 50. Waya wa zamani kutoka kwenye boksi la fyuzi mpaka kule mbele haujabadilika, fyuzi inaulinda huo.

Tukapima tena. Kwenye koneta 0.06. Kwenye athi 0.04. Feni ikawa inapata 13.6 na inakula ampea 21, na hilo lilinishangaza kidogo nikauliza mbona inakula zaidi kuliko mwanzo, mzee akasema ndo ilivyo, sasa inazunguka kwa kasi yake yote inasukuma hewa nyingi, mwanzo ilikuwa na njaa. Karatasi ya gazeti tukaiweka mbele ikaganda kama imepigwa gundi. Baada ya nusu saa injini inanguruma hapo hapo jua la saa saba, niliishika koneta kwa mkono, ilikuwa na joto la kawaida la boneti tu, unaishika na kuendelea kuishika. Nikarudisha na thamostati mpya wiki hiyo hiyo. Tangu hapo nimekaa foleni ya Mtwapa mara nyingi siwezi kuhesabu na sindano haijatikisika.

Mhariri, nina maombi matatu na kwa hayo naomba gazeti lako linisaidie yafike.

Wenye maduka ya spea hapa Malindi, Kilifi mpaka Mokowe, tafadhalini leteni hizi koneta zenye mipira na teminali zake na ile koleo ya kubania. Leo ukiingia dukani ukiuliza koneta ya feni unaambiwa hakuna, chukua feni nzima. Mimi kusafiri mpaka Mombasa kutafuta kitu cha kuingia mfukoni si haki, na najua wenzetu wa upande wa Lamu wakitaka kitu hicho safari yao ni ndefu kuliko yangu.

Vyuo vya ufundi, na NITA wanaosimamia mitihani ya mafundi wa umeme wa magari, mwekeni mtoto mbele ya koneta iliyoungua na mita, mwambieni apime volti zinazopotea feni ikiwa inafanya kazi. Taa ya kupimia peke yake inadanganya, inakula umeme kidogo sana kwa hiyo hata kwenye waya ulioungua itawaka tu, kijana anasema umeme upo, kumbe mzigo ukija hakuna.

Na madereva wenzangu, nyie ndo hasa ninaowaandikia. Jumapili moja, injini ikiwa imepoa, chomoa waya wa betri, chomoa koneta za feni uziangalie kwa macho yako. Ukiona kahawia, ukiona kijani, ukisikia imelegea, usiongeze hata siku. Fungua na boksi la fyuzi uhakikishe ndani ni fyuzi. Fundi akikuambia nunua feni, mwambie sawa, lakini kwanza nionyeshe volti zinazoifikia hii iliyopo, na kama tunabadilisha basi tunabadilisha na jike. Kama hana mita, tafuta mwenye mita.

Ile koneta iliyoungua sikuitupa. Iko kwenye kikopo kwenye dashibodi ya gari yangu, na yeyote akiniona stendi anaweza kuniomba nimwonyeshe.

Dereva wa Malindi,
Kaunti ya Kilifi.